Chupa zinapasuka, bia inanuka plasta: tangi la chuma halitakusaidia

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Tabata. Mwezi Februari nilitengeneza bia yangu ya kwanza, lita 20. Nilitumia kopo la kimea la kilo 1.7 lililokuja na pakiti yake ya hamira, nikaongeza sukari kilo moja na nusu. Niliyeyusha vyote kwenye lita nne za maji ya moto, nikajazia maji ya bomba, nikamwaga hamira. Ndoo niliiosha kwa Jik na kuisuuza bombani. Povu lilipanda usiku huohuo, siku ya tatu likanyamaza, siku ya tano nikajaza chupa na kuweka kijiko cha chai kilichojaa sukari kila chupa ya nusu lita. Siku ya kumi chupa tatu zilipasuka ndani ya kreti. Zilizobaki nikifungua bia inaruka hadi darini, inanuka plasta ya hospitali na rangi ya kucha. Nilikunywa chupa mbili kichwa kikaniuma sana, na mke wangu anahofia ni sumu. Nimeona tangi la chuma cha pua la lita 30 la kuagiza nje. Ninunue hilo?

JIBU: Ndugu yangu, tangi tutalifikia. Kwanza shughulikia chupa zilizobaki, na ufanye hivyo leo. Kreti usiinyanyue ikiwa wazi. Ifunike kwa blanketi zito, watoto watoke nje, wewe vaa miwani, glavu nene, suruali ndefu na viatu vinavyofunika mguu. Hamishia chupa kwenye friji chache chache, zikae humo saa 24 bila kuguswa. Bia ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 4, hewa ya kaboni huyeyuka tena ndani ya kinywaji na shinikizo chupani hushuka kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo ufungue, juu ya sinki, chupa ikiwa imeviringishwa taulo: inua kizibo kidogo, acha ipumue, inua tena. Kisha mwaga zote. Najua inauma kumwaga lita kumi na kitu ulizozitolea jasho, lakini harufu ya plasta haiishi kwa kungoja, na kuzifunga upya ni kujitafutia ajali ya pili.

Kuhusu sumu, mtulize shemeji. Methanoli inayopofusha na kuua watu hupatikana kwenye pombe kali iliyochakachuliwa kwa spiriti ya viwandani. Bia iliyochachuka kutokana na kimea na sukari ina methanoli kidogo mno, kama bia ya dukani. Gongo ni habari nyingine kabisa: kuikeneka ni kosa kisheria na sitaigusa hapa. Sheria hailegei pia kwenye kuuza. Pombe ya kuuza inataka leseni, hata ikiwa kreti moja ya jirani. Kilichokuumiza kichwa kina maelezo rahisi zaidi. Kwa vipimo ulivyotaja, bia yako ikimaliza kuchachuka hufika kama asilimia 6 ya kileo, nawe ulikunywa lita nzima, tena ikiwa imejaa pombe nzito zinazozaliwa na joto. Joto hilo ndilo kiini cha matatizo yako karibu yote.

Tupige hesabu. Lita 4 za maji ya moto, tuseme nyuzi 85 baada ya kuyeyusha kimea. Lita 16 za bomba, ambazo Dar mwezi wa pili ni nyuzi 28 hivi. Nne mara 85 ni 340. Kumi na sita mara 28 ni 448. Jumlisha, gawanya kwa 20, unapata nyuzi 39. Wewe uliona ni vuguvugu tu, lakini hamira nyingi za bia hutaka nyuzi 18 hadi 22. Maelekezo ya kopo yanaposema "jazia maji ya bomba", yameandikwa kwa mtu ambaye bomba lake linatoa maji ya nyuzi 10 au 12. Kwake hesabu hiyohiyo inamletea nyuzi 26 na kushuka. Ukiyafuata neno kwa neno ukiwa Tabata, umeshakosea kabla hujafungua pakiti ya hamira.

Na joto halikuishia hapo. Hamira ikila sukari hutoa joto lake yenyewe. Ndoo ya lita 20 iliyoko kwenye povu jingi huwa na joto la nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya chumba, kwa hiyo jikoni penye nyuzi 31 ndani ya ndoo pana 35. Hamira ikiwa kwenye moto huo hukimbia. Inatoa pombe nzito zinazochoma koo, na inatoa asetati ya ethili, kemikali ileile unayoinusa kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea ndani ya saa 72 za mwanzo. Ukipoza ndoo siku ya nne, umechelewa. Kisha sehemu ya hamira hufa au huchoka njiani, viputo vinakoma, nawe unadhani kazi imekwisha kumbe bado kuna sukari ndani.

Harufu ya plasta ni kosa la pili, nalo halina uhusiano na joto. Ni klorini. Maji ya DAWASA hutiwa klorini kuua vijidudu, na Jik nayo ni klorini. Klorini ikikutana na fenoli zilizomo kwenye kimea na zile zinazotolewa na hamira, zinaungana kuwa klorofenoli, na pua ya binadamu huitambua hiyo hata ikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Wewe ulijazia lita 16 za bomba ambazo hazikuchemshwa, kwenye ndoo iliyosuuzwa kwa bomba hilohilo baada ya Jik. Maji ya mtungi wa kunywa wa lita 18.9 yanaondoa tatizo hili bila elimu yoyote. Ukitaka kutumia ya bomba, yachemshe dakika 15 kisha yapoe yakiwa yamefunikwa, au ponda robo ya kidonge cha metabisalfaiti, dawa inayoondoa klorini, kwa kila lita 20, koroga, subiri dakika kumi. Maji ya kisima yaache kabisa. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha.

Sukari kilo moja na nusu kwa kopo moja ni nyingi. Zaidi ya nusu ya kileo chako kilitoka kwenye sukari ya mezani, ambayo haiachi mwili wala ladha, ndiyo maana bia kama hiyo huwa nyepesi kama maji ya tufaha. Mara ijayo weka kimea cha unga kilo 1 badala ya sukari yote. Kopo la kilo 1.7 na unga wa kimea kilo 1 kwenye lita 20 vinakupa kipimo cha haidromita (kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo kwenye bia) cha 1.044 hivi, na bia ya kama asilimia 4.3. Kopo lenyewe tayari lina hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hivyo huna haja ya kuichemsha saa nzima.

Sasa chupa, maana hapa ndipo mtu anapoweza kupoteza jicho.

Wapikaji hupima hewa ya kaboni kwa ujazo. Bia yenye ujazo 2.5 ina lita 2.5 za hewa iliyoyeyuka katika kila lita moja ya bia, na bia ya kawaida hukaa kati ya 2.4 na 2.6. Gramu 1 ya sukari kwa lita huongeza ujazo 0.26 hivi. Kijiko cha chai kilichojaa hubeba gramu 6 au 7. Kwenye chupa ya nusu lita hiyo ni kama gramu 13 kwa lita, sawa na ujazo 3.4. Ongeza 0.6 iliyokuwa imebaki kwenye bia tangu mwanzo, umefika 4, nguvu ya soda. Hilo peke yake lingerusha povu, ingawa chupa nyingi nzima zingevumilia. Kilichozipasua ni sukari ambayo hamira ilikuwa haijaimaliza. Kila haidromita inaposhuka kwa 0.001 ndani ya chupa iliyofungwa, ujazo huongezeka kwa karibu nusu. Kama ulijaza bia ikiwa 1.012 na ikaendelea kushuka hadi 1.006, hiyo ni ujazo 3 mwingine. Jumla 7. Hakuna chupa ya bia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Viputo kunyamaza si ushahidi wa lolote. Mfuniko ukivuja kidogo tu, hewa hupita pembeni na eyaloki, kile kikofia cha plastiki chenye maji, hukaa kimya huku bia ikichemka ndani. Na ndoo iliyomaliza kazi wiki iliyopita hutoa viputo tena jua la saa nane likiipasha moto. Ushahidi ni haidromita. Chota bia kwa bomba la ndoo hadi ijaze silinda yake, tumbukiza haidromita na uizungushe kwa vidole viwili ili viputo vilivyoganda kwenye kioo viachie, maana viputo vitatu tu vinaweza kuiinua na kukudanganya. Inama hadi jicho liwe sawa na uso wa bia. Utaona bia imepanda kidogo ikishikilia shingo ya kioo. Soma pale uso ulipo bapa, si pale ulipopanda. Nyingi zimetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20, kwa hiyo bia ikiwa nyuzi 30 ongeza 0.002 hadi 0.003 kwenye ulichosoma. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Rudia baada ya siku tatu. Namba ikiwa ileile, na iko mahali panapotarajiwa (kwa kopo na unga wa kimea ni kati ya 1.009 na 1.013), bia imekwisha. Ikiwa imeshuka hata kidogo, iache. Ulichopima kinywe au kimwage, usikirudishe kwenye ndoo.

Sukari ya chupa nayo ipimwe kwa mizani ya jikoni, si kwa kijiko. Kwa lita 20 iliyochachuka Dar, tumia gramu 120 hadi 130 kwa jumla. Ichemshe na maji nusu kikombe dakika tano, imimine chini ya ndoo safi ya pili, kisha shusha bia juu yake kwa mpira, taratibu, mwisho wa mpira ukiwa umezama. Ikirukaruka na kupiga kelele inabeba oksijeni, na ndani ya wiki chache bia itaonja boksi lililolowa. Koroga pole kwa mwiko safi wa plastiki, mizunguko kumi hivi, maana sukari ikibaki chini chupa za kwanza zitakuwa mabomu na za mwisho zitakuwa chai. Acha nafasi ya vidole viwili shingoni.

Kwa mwanzoni, nakushauri kwa moyo wote ujaze chupa za plastiki za soda, zile za nusu lita au lita moja. Zimetengenezwa kubeba shinikizo la soda, ambalo ni kubwa kuliko la bia, na zikizidiwa hazirushi vioo. Chupa za maji ya kunywa hazifai, plastiki yake ni laini mno. Ukipenda kioo, tumia zile chupa za kahawia nzito za nusu lita zinazorudishwa kiwandani, zisizo na ufa wala pembe iliyomeguka mdomoni. Za kijani na nyeupe hupitisha mwanga unaoharibu hopsi, na bia hunuka kama mnyama wa porini aliyekasirika. Hata ukitumia kioo, jaza chupa moja ya soda katika kila awamu. Hiyo ndiyo kipimo chako: ibonyeze kila asubuhi. Ikiwa ngumu kama jiwe, chupa za kioo zote ziende friji.

Sasa tangi. Usilinunue. Chuma cha pua ni kizuri kuosha na hakichubuki kirahisi, lakini hakipozi chochote. Tangi hilo likikaa jikoni kwako penye nyuzi 31 litachachusha kwenye nyuzi 35 sawasawa na ndoo ya plastiki, na bia itanuka rangi ya kucha ileile. Ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 25 hadi 30, yenye mfuniko unaobana na namba 2 au 5 kwenye alama ya pembetatu chini yake, inatosha kwa miaka. Ioshe kwa sponji laini, kamwe si kwa stili waya, maana bakteria hukaa ndani ya mikwaruzo na hakuna dawa inayowafikia. Madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula usiyaguse, hata yakisuguliwa siku nzima. Mafuta yameshaingia kwenye plastiki na yanaua povu la bia.

Kama ndoo yako ina bomba, lifungue lote kila baada ya bia moja. Watu wengi husafisha ndoo mpaka inang'aa na kuacha bomba kama lilivyo. Ukilichomoa na kufungua ile nati ya ndani, utakuta utando wa kahawia unaoteleza nyuma ya mpira wa kuzuia kuvuja. Hapo ndipo uchachu wa siki unapozaliwa, na hurithiwa bia hadi bia.

Pesa ya tangi iende kwa mpangilio huu. Kipimajoto, ikiwezekana cha kubandika ubavuni mwa ndoo, pamoja na haidromita na mizani. Baada ya hapo dawa ya kuua vijidudu isiyosuuzwa. Star San ndiyo wengi wanayotumia, mililita 1.5 kwa lita ya maji, dakika moja au mbili, kisha unamwaga na kuacha povu lake lilivyo. Usipoipata, Jik ya kawaida isiyo na manukato bado inafanya kazi ukiitumia kwa adabu: mililita 5 kwa lita, dakika 15, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa, si ya bomba. Jik isichanganywe na siki wala asidi yoyote, hutoa gesi ya sumu. Na kumbuka dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kwanza sabuni na sponji, ndipo dawa. Konyagi, ikiwa asilimia 35, haitoshi kuua vijidudu kwenye vyombo, ila ni nzuri kuweka kwenye eyaloki badala ya maji, maana hata ikifyonzwa ndani haidhuru bia.

Kisha nenda kwenye kupoza, na hapo una njia tatu.

Ya bei ndogo ni beseni. Chukua beseni kubwa au pipa lililokatwa, weka ndoo ndani, jaza maji hadi theluthi mbili ya kimo cha bia. Vitabu vya nje hukwambia ufunike ndoo kwa kitambaa kilicholowa na kuelekeza feni, hewa ikaushe maji na kupoza. Dodoma hilo lingekwenda. Hewa ya Dar imeshajaa unyevu, kitambaa hakikauki, na khanga iliyolowa itakupunguzia nyuzi mbili au tatu tu. Kinachofanya kazi hapa ni barafu. Gandisha chupa za maji za lita 1.5. Kila moja ikiyeyuka hadi nyuzi 20 hufyonza joto la kutosha kushusha kilo 50, yaani bia pamoja na maji ya beseni, kwa nyuzi 3. Siku tatu za mwanzo utahitaji kuzungusha kama nne hadi sita kwa siku, asubuhi, jioni na kabla ya kulala, halafu unapunguza. Ni kazi, lakini gharama yake ni karibu bure.

Njia ya pili ni friji la mtumba na themostati ya nje kama STC-1000, kifaa kinachowasha na kuzima friji kwa joto ulilochagua. Pima ndoo pamoja na eyaloki kabla ya kwenda kununua, na uangalie kibonge cha kompresa nyuma chini. Friji nyingi za mlango mmoja huonekana kubwa mpaka ujaribu kuingiza ndoo. Waya wa kupimia usiuache ukining'inia hewani. Ubandike kwenye ubavu wa ndoo, katikati ya kimo cha bia, juu yake weka kipande cha sponji na ukifunge kwa gundi ya karatasi, ili usome bia na si hewa. Weka nyuzi 19, tofauti ya nyuzi 1, na ucheleweshaji wa kompresa wa dakika tano ili umeme ukikatika na kurudi ghafla isiungue. Umeme kukatika saa kadhaa hakuharibu kitu kama hufungui mlango. Lita 20 za maji hubeba baridi yake muda mrefu.

Njia ya tatu ni kuacha kupigana na joto na kubadili hamira. Kuna hamira za mashambani za magharibi ya Norwe ziitwazo kveik, na aina ya Voss hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 38, ikiacha harufu ya ganda la chungwa. Unaimwaga kwenye togwa (maji ya kimea kabla hayajachachuka) ikiwa nyuzi 32, unaifunika, unaiacha, na mara nyingi siku ya tano imekwisha. Kwa nyumba isiyo na nafasi ya friji la pili, naona hii ndiyo hamira ya Dar. Ina mambo mawili ya kuzingatia: haipendi baridi ya ghafla, hivyo usiiweke kwenye beseni la barafu, na togwa nyepesi huifanya ivivie, hivyo ipe kijiko cha chai cha hamira ya mkate iliyochemshwa kama chakula. Epuka tu hamira za saison, bia ya mashambani ya Ubelgiji, kwa sasa. Kuna ambazo zinaandikwa zinavumilia nyuzi 35, ni kweli, lakini baadhi yake hula hata sukari ambazo hamira nyingine huziacha, zinaendelea polepole kwa wiki nyingi, na mtu asiye makini na haidromita anarudi kwenye mabomu.

Hamira yoyote utakayonunua, uliza imesafirije. Pakiti iliyokaa wiki mbili kwenye kontena bandarini au dirishani mwa duka huenda imeshapoteza nguvu. Weka friji ukifika nyumbani. Ile ndogo iliyokuja na kopo mara nyingi ni gramu 5 hadi 7 na haijulikani imezunguka wapi. Nunua ya gramu 11 kwa lita 20.

Awamu yako ijayo basi, kwa hamira ya kawaida kama US-05, iende hivi. Siku moja kabla, nunua chupa 11 za maji ya kunywa ya lita 1.5 na uziweke friji usiku kucha. Siku ya kazi, chemsha lita 4 nyingine, zima jiko, mimina kopo na unga wa kimea ukikoroga mpaka chini kusibaki kitu kinachonata. Mimina kwenye ndoo iliyouawa vijidudu, kisha fungua chupa za baridi moja moja ukimimina kutoka juu ili togwa ipate hewa. Hesabu ileile ya mwanzo: 4 mara 85, jumlisha 16 mara 5, gawanya kwa 20. Nyuzi 21. Pima kwa kipimajoto, usiamini mkono. Soma haidromita, andika, nyunyiza hamira juu, funga. Ishikilie 19 hadi 21 kwa siku nne, kisha iache ipande yenyewe hadi 23 au 24 imalizie. Pima siku ya nane na siku ya kumi na moja.

Zile chupa 11 zilizobaki tupu usizitupe. Zijaze maji ya bomba, acha nafasi juu kwa sababu barafu hutanuka, uziingize kwenye friza siku hiyohiyo; ndizo barafu ya beseni lako. Ukishajaza bia kwenye chupa za soda, ziache kivulini siku saba hadi kumi mpaka ile ya kupimia iwe ngumu, halafu siku mbili friji zikiwa zimesimama ili mashapo yatulie. Mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita na uache sentimita moja ya mwisho chupani.